Si Krismasi Peke Yake: Mtu Mzima Mwenye Ulemavu na Jamaa Yake Mwaka Mzima

SOMO LA MWEZI

Somo hili ni la kusomwa katika jumuiya ndogo ndogo, katika chama cha akina mama, au hata nyumbani baada ya chakula cha jioni. Someni polepole, halafu mjadili maswali yaliyo mwisho.

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita nilikuwa nikifanya kazi ya jamii katika kigango kimoja upande wa Bahati. Kila Desemba tulizungukia nyumba zenye mtu mwenye ulemavu. Tulipeleka blanketi, sukari, unga na sabuni. Tuliimba, tukaomba, tukapigwa picha, tukaenda zetu.

Nyumba moja ilikuwa ya mama mzee na kijana wake wa miaka 34, mwenye ulemavu wa akili. Alisoma shule maalum mpaka akawa mkubwa, akarudishwa nyumbani. Tangu hapo alikuwa anakaa tu kwenye kigoda kando ya jiko. Siku hiyo nikiaga, mama alinishika mkono. "Binti yangu, asanteni kwa Krismasi. Lakini Januari huyu anakaa na nani? Na siku nikifa je?"

Sikuwa na jibu. Nilipanda matatu kurudi Nakuru, blanketi zimekwisha, swali limebaki.

1. MTOTO HUKUA, MZAZI HUZEEKA

Tukisema ulemavu, wengi wetu tunafikiria mtoto. Ni kweli kuna shule maalum, kuna kliniki za mazoezi ya viungo, kuna wafadhili wa karo. Ni kazi njema. Lakini mtoto akishapita umri wa shule, mlango unafungwa. Anarudi kwa mama, na mama naye sasa ana presha na magoti yanauma.

Hapo wanaofungiwa nyumbani ni wawili. Mama haendi sokoni, haendi chama, hata kanisani anakuja mara moja moja, kwa sababu hana wa kumwachia kijana. Kwa hiyo mpango wowote wa mtu mzima mwenye ulemavu lazima uwe pia mpango wa jamaa yake.

2. MEFIBOSHETHI KWENYE MEZA YA MFALME

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 4 mstari wa 4, halafu sura yote ya 9. Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Akiwa na miaka mitano, yaya wake alimbeba akikimbia vita, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Tunamkuta tena akiwa mtu mzima, baba wa mtoto mdogo aitwaye Mika, akiishi mbali, Lo-debari, katika nyumba ya watu. Alijidharau mpaka akajifananisha na mbwa mfu.

Mfalme Daudi alifanya mambo matatu. Kwanza, alimuulizia akatuma watu wamlete. Hakungoja aje kuomba. Pili, alimrudishia shamba la babu yake, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, walime shamba hilo. Tatu, alimkaribisha kula mezani pake. Si siku ya sherehe tu, bali daima.

Hilo neno "daima" ndilo somo letu. Sisi tulikuwa tunafanya jambo la kwanza nusu, la pili hatukufanya, na la tatu tulifanya mara moja kwa mwaka.

3. TUJIFUNZE KWA WENGINE

Wayahudi wana kalenda inayosaidia. Kila Ijumaa jioni Sabato inaingia na jamaa yote inakaa mezani. Halafu kuna Pasaka, sikukuu ya majuma, sikukuu ya vibanda. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inaagiza kwamba katika kufurahi huko wasiachwe yatima, mjane na mgeni. Si lazima kwenda mbali kuwaona watu wanaoshika Sabato hiyo: huko Kasuku, Nyandarua, iko jumuiya ndogo ya Wakenya wa dini ya Kiyahudi. Mwenye ulemavu katika nyumba yenye desturi kama hiyo anajua kila wiki kwamba meza inakuja na kiti chake kipo. Hangoji mfadhili.

Kule Israeli, mwaka 1964, kilianzishwa kijiji kiitwacho Kfar Tikva, maana yake Kijiji cha Tumaini. Wanaokaa humo ni watu wazima wenye ulemavu. Wanafanya kazi, wana marafiki, wana sherehe zao. Mwaka huo huo wa 1964, huko Ufaransa, Wakatoliki walianza L'Arche, yaani Safina, ambamo watu wenye ulemavu wa akili wanaishi nyumba moja na wasaidizi wao kama jamaa.

Safina hiyo imefika hata kwetu, iko Nyahururu. Na hapo hapo Nyahururu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, St. Martin imefundisha watu wa kujitolea vijijini wawatembelee majirani wenye ulemavu. Msimamo wao ni kwamba kazi hii haiwezekani bila jamii yenyewe. Mtaalamu anakuja na kuondoka, jirani yupo.

4. TULIVYOANZA SISI

Sisi hatukuwa na pesa za kujenga. Tulianza na Jumamosi moja kwa mwezi, katika ukumbi wa kanisa. Mara ya kwanza walikuja akina mama watatu tu. Yule kijana aliogopa ngoma akatoka nje. Tulidhani tumeshindwa. Kumbe huko nje alikuta gunia la mahindi ya mwalimu wa katekisimu, akakaa akaanza kupukuchua. Alipukuchua mpaka saa nane. Mama yake alishangaa kuliko sisi sote.

Baadaye tukafanya kila Jumamosi. Vijana wetu wanachagua maharagwe, wanalisha kuku, wanaimba. Akina mama nao wanapata nafasi ya kwenda sokoni au kliniki.

Mwaka wa pili mama huyo alilazwa hospitali siku tisa. Zamani ingekuwa hatari kubwa. Lakini sasa majirani wawili walimjua kijana: anapenda chai iliyopoa, anaogopa bodaboda, hali ugali akiwa peke yake. Mama aliporudi alimkuta salama, mahindi mapajani. Lile swali la siku atakapokufa bado lipo, sitawadanganya. Lakini sasa si swali lake peke yake.

5. KALENDA YA KIGANGO

Januari: tembeleeni nyumba zote, andikeni majina, pamoja na wale wanaofichwa.

Machi hadi Mei: mvua na kupanda. Chagueni siku moja kulima shamba la kila jamaa, kama Siba.

Juni na Julai: baridi kali. Angalieni mavazi, kifua na dawa za kifafa. Blanketi inafaa sasa kuliko Desemba.

Agosti: wanafunzi wako likizo. Wapeni zamu ya kukaa na mwenye ulemavu, wawili wawili, asiachwe na mtu mmoja faraghani.

Oktoba na Novemba: mavuno. Kila mtu apewe kazi anayoiweza.

Desemba: tarehe 3 ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Sherehekeeni, na Krismasi pia, kama mwisho wa mwaka wa kazi.

6. HAKI SI SADAKA

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa. Mzazi, mtoto akifika miaka 18 mchukulie kitambulisho. Mpeleke hospitali ya serikali akapimwe, kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali zinaweza kuombewa msaada wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulizeni chifu au afisa wa huduma za jamii. Nafasi huwa chache, lakini asiyeandikishwa hahesabiwi kabisa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika jumuiya yetu, ni mtu mzima gani mwenye ulemavu ambaye hatujamwona tangu Krismasi?

2. Mama au dada anayemtunza alipumzika lini mara ya mwisho?

3. Huyo mtu anaweza kazi gani? Tumewahi kumuuliza mwenyewe?

4. Mzazi akilazwa leo usiku, nani ataingia katika nyumba hiyo? Tajeni majina mawili.

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne. Andikeni majina hayo mawili katika kitabu cha jumuiya, na kesho yake waende wakanywe chai katika nyumba hiyo.