Diski Inapokataa: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Dawa

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Mimi niliyaamini maneno hayo baada ya Siku ya Wazazi, nilipopewa kazi ya kuhariri video ya mchezo wetu wa kuigiza na kuichoma kwenye DVD. Nyanya yangu huko Mwala hakuweza kuja. Simu yake ni mulika mwizi, lakini nyumbani ana deki, na alitaka sana kumwona mjukuu wake jukwaani.

Niliharibu diski tano. Ya sita ikakubali, nikaipeleka Mwala mbio mbio. Deki ikaimeza, ikanguruma, ikaitema. Bana, niliona aibu!

Kosa langu lilikuwa nini? Nilikuwa nikibadilisha diski bila kujua ugonjwa uko wapi. Kazi hii ina hatua mbili. Kwanza, programu huigeuza video iwe ya mtindo unaoeleweka na deki. Pili, leza ya draivu huandika kwenye diski kwa kubadilisha rangi maalum iliyo ndani yake. Katika DVD-R, rangi hiyo ikishabadilika hairudi. Diski ikiharibika, imekwenda.

Kwa hivyo, zitenganishe hatua hizo. Iambie programu itengeneze kwanza folda ya VIDEO_TS kwenye kompyuta. Itazame mwanzo hadi mwisho. Ikikwama, rudi kwenye uhariri. Ikicheza vizuri, basi shida ikitokea baadaye, chunguza diski na draivu.

Magonjwa ya hatua ya kwanza

(a) Mtindo wa faili. Ukichoma faili ya MP4 vile ilivyo, kompyuta itaisoma, lakini deki nyingi za zamani hutaka MPEG-2 iliyopangwa ndani ya VIDEO_TS. Hili ndilo lililonipata Mwala.

(b) Nafasi. DVD ya kawaida huandikwa gigabaiti 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Windows huhesabu kwa 1024, kwa hivyo huonyesha kama 4.38 tu. Video ya 4.5 haitaingia! Pia acha nafasi ya kutosha kwenye kompyuta, angalau gigabaiti 10, kwa sababu programu huandika faili za muda.

(c) PAL au NTSC. Runinga zetu za zamani zilitengenezwa kwa PAL, picha 25 kwa sekunde. Ukichagua NTSC ya Marekani, nyingine zitaonyesha picha isiyo na rangi au inayorukaruka.

(d) Programu isiyokuwepo. Windows DVD Maker ilikuwa kwenye Windows Vista na 7, lakini iliondolewa Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Usiitafute bure. DVDStyler ni ya bila malipo na inafanya kazi hiyo.

Magonjwa ya hatua ya pili

(a) Kasi. Chagua 4x au 8x badala ya 16x. Funga programu nyingine zote, na usiichezee kompyuta inapochoma.

(b) Stima. Ikipotea katikati, diski imeharibika. Tumia kompyuta ya mkononi iliyojaa chaji.

(c) Kufunga diski. Hakikisha umechagua amri ya kuifunga diski mwishoni. Bila hiyo, kompyuta yako inaweza kuisoma lakini deki ikatae.

(d) Diski yenyewe. Ishike pembeni, vidole visiguse upande unaong'aa. Usibandike karatasi juu yake, maana huifanya iyumbe inapozunguka. Ikikataa tena na tena, jaribu diski za kampuni nyingine, kisha jaribu draivu nyingine.

La mwisho ni muhimu kuliko yote: usifute video ya kwanza kwenye kamera kabla diski haijachezwa kwenye deki itakayotumika. Mchezo hauigizwi mara mbili. Mimi ilibaki kidogo tu niifute!

Diski ya saba niliichoma polepole, kwa 4x. Nyanya aliitazama mara tatu, na kila nilipotokea aliwaita majirani.

Maswali
1. Folda ya VIDEO_TS inacheza vizuri kwenye kompyuta, lakini diski haichezi kwenye deki. Utachunguza nini?
2. Kwa nini video ya gigabaiti 4.5 haiingii kwenye diski iliyoandikwa 4.7?