Kiendeshi au Kiigizo? Suala la Upimaji wa Vifaa Pepe katika Haipavaiza

1.0 Utangulizi

Haipavaiza ni programu inayoiwezesha kompyuta moja kubeba mifumo endeshi kadhaa, kila mmoja ukijiona una mashine yake. Kadi ya mtandao au diski inayoonwa na mfumo mgeni si lazima iwe chombo cha kushikika. Mara nyingi huigizwa na programu. Makala haya yanajadili uteuzi wa njia ya kupima vifaa vya aina hiyo, na yanadai kwamba uteuzi huo hukosewa pale istilahi inapoficha upande unaopimwa.

2.0 Utata wa Istilahi

Kirai "kiendeshi cha kifaa pepe" kina utata. Neno pepe halichukui kiambishi cha upatanisho, hivyo laweza kuvumisha kiendeshi au kifaa. Hata lingekichukua, utata ungebaki, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli ya KI-VI. Aidha, pepe ya barua pepe hueleweka kuwa ya kielektroniki, ilhali hapa inahusu kitu kinachoigizwa. Katika mjadala huu, programu iliyo ndani ya mfumo mgeni na inayozungumza na kifaa itaitwa kiendeshi. Iliyo katika kompyuta mwenyeji na inayojifanya kifaa itaitwa kiigizo.

3.0 Udhaifu wa Njia Iliyozoeleka

Njia iliyozoeleka ni kuwasha mfumo mgeni, kunakili mafaili na kutazama kama mambo yanakwenda sawa. Njia hii hupima pande zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo penye kasoro: kiendeshi chenye adabu hutuma amri sahihi tu.

Ushahidi mzuri ni hitilafu iliyopewa jina VENOM, iliyotangazwa Mei 2015. Ilikuwamo katika kiigizo cha kidhibiti cha diski laini ndani ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard. Bafa ya amri ilikuwa na nafasi ya baiti 512. Baadhi ya amri hazikurudisha kielekezi mwanzo kwa wakati, data ikaweza kuandikwa nje ya mpaka. Kosa hilo lilikuwamo tangu 2004. Diski laini zilikuwa zimekwisha kuachwa na watumiaji wengi, lakini kiigizo chake kilibaki, na kuwasha mifumo migeni kwa miaka 11 hakukulifichua. Mwenye mamlaka ya msimamizi ndani ya mfumo mgeni angeweza kuvuka hadi kompyuta mwenyeji, na kutoka huko kuifikia mifumo ya wengine.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, mahali penye hospitali ya Kanisa la Anglikana. Ikiwa kompyuta moja ya huko ingebeba mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa na mwingine wa wanafunzi wanaojifunza, ukuta kati ya siri za wagonjwa na mwanafunzi mdadisi ungekuwa haipavaiza pamoja na viigizo vyake.

4.0 Kipimo cha Kila Upande

Kiigizo hupimwa vizuri zaidi pasipo mfumo mgeni kabisa. QEMU ina utaratibu uitwao qtest, ambao huandika na kusoma rejista za kifaa moja kwa moja kutoka nje. Amri zisizo na adabu, ambazo kiendeshi halisi kisingezituma, hutumwa kwa makusudi. Zaweza pia kuzalishwa kwa nasibu, kwa wingi. Hakuna kadi ya kununuliwa wala kompyuta ya pili, jambo ambalo kwa mtafiti aliye Kilimatinde si dogo. Hata hivyo, data ya nasibu hugundua zaidi programu inayoanguka. Kiigizo kinachotoa jibu lisilo sahihi kwa utulivu huipita, na kwa hilo vipimo vilivyoandikwa kwa kufuata vipengele vya sanifu ya kifaa bado vinahitajika.

Kiendeshi nacho kinahitaji kipimo kilicho kinyume. Viendeshi vya virtio, mfumo ulioelezwa na Rusty Russell mwaka 2008, hupokea urefu wa data kupitia foleni inayoshirikiwa na pande zote mbili. Kipimo cha haki ni kukiweka kiendeshi hicho mbele ya kiigizo kinachosema uongo kuhusu urefu huo.