Kipanya Kinachowaka Bila Kwenda

Katika maabara za kompyuta shuleni hutokea jambo la kutatanisha: kipanya cha bei nafuu huchomekwa, taa yake huwaka, lakini mshale kwenye skrini hautikisiki. Wengi hudhani kimekufa, wakakitupa. Taa hiyo, hata hivyo, ni ushahidi unaostahili kuchunguzwa.

Plagi ya USB, iliyobuniwa katika miaka ya 1990, ina vibamba vinne vya metali. Viwili vya pembeni hupitisha umeme wa volti 5; viwili vya katikati hupitisha taarifa, navyo ni vifupi kidogo. Plagi iliyolegea ikirudi nyuma, hivyo vifupi ndivyo huachana kwanza. Kipanya hushiba umeme lakini hubaki bubu.

Vibamba hupakwa dhahabu nyembamba ili visipate kutu, na kila mchomeko huikwangua. Kanuni za USB hudai plagi pana ya kawaida istahimili michomeko 1,500; ikichomekwa mara nne kwa siku, hiyo ni siku 375 tu. Bidhaa duni huchakaa mapema zaidi, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi.

Mguso uliochakaa huongeza ukinzani. Tuseme umefikia omu 1. Kipanya kitumiacho ampea 0.1 hupoteza volti 0.1, hasara isiyodhuru. Diski ya nje itumiayo ampea 0.5 hupoteza volti 0.5, ikabakiwa na 4.5, nayo huenda isiwake. Kwa hiyo soketi inayoendesha kipanya haijathibitika kuwa nzima.

Mchunguzi na abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kipanya kilekile kikifanya kazi katika soketi nyingine, soketi ya kwanza ndiyo ya kushukiwa. Kisipofanya, plagi ishikwe imara na waya ukunjwe taratibu karibu na shingo yake. Mshale ukishtuka, uzi umekatika ndani. Kama sivyo, kompyuta izimwe na kuchomolewa umeme, kisha vibamba visafishwe kwa brashi laini na spiriti safi, viachwe vikauke. Msasa usitumiwe kamwe: huondoa hata dhahabu iliyosalia.

Soketi ambayo springi zake zimelegea haiponi kwa kusafishwa, na kuibadilisha ni ghali kuliko kununua kipanya. Waya mfupi wa kuunganishia huweza kuchomekwa humo na kuachwa moja kwa moja, wanafunzi wakachomeka na kuchomoa kwenye ncha yake ya pili.