Kabla Hujageuza Nyumba ya Mji Mkongwe Kuwa ya Wageni

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Ukuta wa aina hii hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, maji hunaswa ndani, boriti huoza taratibu na dari hushuka siku isiyotarajiwa. Ndiyo sababu utalii endelevu wa mji huu huanzia kwa fundi.

UNESCO iliuorodhesha mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ukitaka kuongeza ghorofa, kubadilisha dirisha au kutoboa mlango wa duka, omba kibali huko kwanza. Nenda kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji, kwani kubomoa ulichojenga ni gharama kubwa kuliko kusubiri. Tafuta pia fundi anayejua kuandaa chokaa, kwa sababu wengi siku hizi wamezoea saruji tu. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo na watu wawili wakafariki. Basi usiudharau ufa wa nyumbani kwako.

Ukiamua kulaza wageni, hata kwa vyumba viwili, unahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Anayetembeza wageni naye awe na kitambulisho chake. Wageni wako kutoka nje ya nchi uwaarifu mapema kuhusu bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ni lazima tangu Oktoba 1, 2024. Ilipoanza, mtu mzima alilipa dola 44 kwa siku 92.

Haya yote ni mepesi ukilinganisha na suala la wakazi. Wageni hupenda vichochoro vya Kiponda na Malindi kwa sababu vina watu: wazee barazani, watoto wanaotoka chuoni, harufu ya mikate asubuhi. Kila nyumba inayogeuzwa hoteli huondoa familia kadhaa, ambazo huhamia Ng'ambo au mbali zaidi. Kwa maoni yangu, Serikali inapaswa kuweka kikomo cha hoteli kwa kila mtaa, na sehemu ya tozo za utalii itengeneze mapaa ya wapangaji wa nyumba za wakfu, ambao hawana uwezo wa kuyatengeneza wenyewe.

Mwananchi anaweza kulisukuma jambo hili. Ukisikia nyumba ya jirani inaombewa kibali cha hoteli, mwone sheha, umuulize majitaka yataelekezwa wapi na wapangaji waliomo watahamishiwa wapi. Peleka hoja zako Mamlaka kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.