Lugha ya Mpambaji wa Nyumba: Mafunzo Kutoka Lamu

Utangulizi

Kazi ya kupamba nyumba ndani huchukuliwa na wengi kuwa ni kuchagua rangi, pazia na zulia. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ni kazi ya lugha vilevile, na kwamba msomi wa Kiswahili anayeazimia kuifanya anaanza akiwa na hazina mkononi.

Mpambaji husimama baina ya pande mbili. Upande mmoja yuko mwenye nyumba, ambaye mijini nchini Kenya aghalabu hueleza matakwa yake kwa Kiingereza. Upande wa pili wako mafundi: mwashi, seremala, fundi wa rangi na mshonaji wa mapazia, ambao wengi wao hupokea maagizo kwa Kiswahili. Agizo lisipoeleweka, lipu hubomolewa, mbao hukatwa upya, na lawama humwangukia mpambaji.

Istilahi za Nyumba ya Lamu

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, umehifadhi istilahi za fani hii. Katika nyumba ya mawe ya kale, mgeni hufika kwanza penye daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe. Hupita tekani, kisha hutokea kiwandani, uwanja wa ndani usioezekwa. Mbele yake huwa msana wa tini, msana wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. "Tini" na "yuu" ni chini na juu kwa Kiamu: sakafu huinuka kidogo kidogo kadiri mtu anavyoingia, na faragha huongezeka.

Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake hauzidi mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Zidaka (vidaka kwa Kiswahili Sanifu) zilizochongwa ukutani zilipokea vyombo vya kauri bila kupunguza nafasi ya sakafu.

Kila neno hapa limebeba uamuzi wa kitaaluma. Katika fleti ya Nairobi ambayo mlango wake hufunguka moja kwa moja sebuleni, anayeijua maana ya tekani hatauliza tu rangi ya ukuta. Atauliza mgeni aone nini kwanza, na nini asikione.

Hitimisho

Anayetaka kazi hii hana budi kujifunza kuchora kwa vipimo, kukadiria gharama, kutambua tabia za mbao na vitambaa, na kukaa na mafundi kazini. Sambamba na hayo, na awe na daftari la istilahi, alijaze kutoka vinywani mwa mafundi hao. Wapambaji wasipoyatumia maneno haya, yatabaki vibandikoni katika makavazi, na fani itaendelea kuazima majina ya vitu ambavyo Waswahili walikwisha kuvijenga na kuvitaja.