Mvua ya Mawe na Upepo Mkali

Tumeulizwa katika darsa: je, ni kweli kuwa mvua ya mawe haiwapigi ila watu walioghadhibikiwa? Muulizaji aliyasikia haya kwa muuza hirizi, basi imepasa tumjibu.

Sisi watu wa pwani hatuizoei mvua hii. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho na Nandi ndio waijuao. Lakini pahali ilipo kali sana ni nyanda za kati za Marekani. Huko hewa ya joto yenye unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko, ikakutana na hewa kavu itokayo upande wa milima ya Rocky. Ile ya joto hupaa kwa nguvu, na matone yaliyomo winguni huganda. Upepo unaopanda huyashikilia yasianguke, yakavikwa barafu tabaka juu ya tabaka, hata yakawa mazito yasibebeke tena. Tarehe 23 Julai 2010, kijijini Vivian, South Dakota, liliokotwa jiwe la upana wa inchi 8, na uzani wake ulikaribia ratili 2. Ama upepo, hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua na barafu; hushuka kwa kishindo, na ikifika chini hutawanyika.

Upepo wa namna hiyo ulipita Iowa tarehe 10 Agosti 2020, ukalaza mahindi mashambani, na mji wa Cedar Rapids ukapigwa vibaya. Katika mji huo mna msikiti uliojengwa mwaka 1934, nao ni katika misikiti ya kale kabisa ya Marekani. Je, na waliosali humo tuwaite walioghadhibikiwa?

Hapana shaka kaumu ya Adi waliangamizwa kwa upepo. Lakini hayo tumeyajua kwa wahyi. Leo ni nani aliyeletewa wahyi juu ya jirani yake? Alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume mwenyewe, naye ndiye mfiwa, aliyakanusha maneno hayo.

Upepo ukivuma, mafundisho yake ni kumwomba Mwenyezi Mungu kheri yake na kujilinda Kwake na shari yake, wala tusiulaani. Kisha mtu aingie ndani, akae mbali na madirisha. Hirizi haimo katika hayo, na aliyeiuza awarudishie watu fedha zao.