SOMO KWA WATUMISHI: MAKUNDI YA KAZI KATIKA KOMPYUTA YAFUNGULIWE NA KUFUNGWA KWA UTARATIBU

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanakumbushwa kuwa kazi ambazo zamani zilipita katika majalada ya masjala, leo kwa sehemu kubwa hupita katika makundi ya kazi yaliyomo ndani ya programu za kompyuta na simu, kama vile Microsoft Teams na WhatsApp. Humo watu huandikiana, huwekeana nyaraka na kupanga vikao. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo, jalada lina namba, lina karani na lina mahali pake kabatini. Kundi aghalabu halina hata kimoja kati ya hivyo. Wahenga wamesema: mali bila daftari huisha bila habari.

MFANO WA GEITA

Tuchukue mfano kutoka Bara. Mkoa wa Geita ulianzishwa Machi 2012 kwa wilaya zilizotoka mikoa mitatu: Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea, majalada huhama kwa hati ya makabidhiano. Makundi ya kompyuta hayajikabidhi yenyewe. Mtumishi aliyehamishwa huendelea kusoma mambo ya kituo chake cha zamani, na aliyeshika nafasi yake hukosa mlango wa kuingilia.

Geita ni nchi ya dhahabu, na soko la madini hayo lilifunguliwa huko Machi 2019. Tuseme, kwa mfano tu, kundi la wakaguzi wa machimbo limebaki na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Siku ya ukaguzi ikitajwa humo, siri imetoka. Mchimbaji mdogo aliyeleta malalamiko, akitaja jina lake na mahali lilipo shimo lake, naye amefichuliwa bila ya kujua. Anayeumia zaidi hapo ni mwananchi aliyeiamini ofisi.

TARATIBU TANO

1. Ruhusa. Katika Microsoft 365, msimamizi wa mfumo asipoweka zuio, kila mtumishi anaweza kuunda kundi. Hapana budi ofisi iamue mapema nani ana ruhusa hiyo, na kila kundi liandikwe katika daftari la masjala pamoja na madhumuni yake.

2. Jina. Kundi liitwe kwa idara, kazi na mwaka. Lisiitwe kwa jina la mtu, kwani mtu huhama na kazi hubaki.

3. Wamiliki. Wawe wawili au zaidi. Wizara yenye ofisi Unguja na Pemba iweke mmiliki kila upande, ili mmoja akistaafu au akienda likizo kazi isisimame.

4. Wanachama. Orodha ipitiwe kila baada ya miezi mitatu. Siku mtumishi anapokabidhi ofisi, aondolewe pia katika makundi yake. Mgeni kutoka nje ya ofisi apewe muda maalumu.

5. Kufunga. Kazi ikimalizika, nyaraka zihamishiwe kwanza katika kumbukumbu rasmi, ndipo kundi lifungwe. Kundi la Microsoft 365 lililofutwa huweza kurejeshwa ndani ya siku 30 tu. Zikipita, limepotea na vilivyomo.

KWA WAKAAZI

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zitumike kwa lengo hilo. Kwa hiyo mkaazi anayetakiwa kutuma nakala ya kitambulisho katika kundi la watu wengi asione haya kuuliza ni nani watakaoiona. Iliyo salama zaidi ni kumpelekea afisa anayehusika peke yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Ofisi yako ina makundi mangapi, na yameandikwa wapi?
(b) Katika kila kundi, yumo aliyehama au kustaafu?
(c) Mmiliki akiondoka leo, nani anabaki na ufunguo?

Mkuu wa kitengo atakayeshindwa kujibu swali la kwanza aanze na kalamu na karatasi: aorodheshe makundi yote, kisha ayapitie moja moja. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na amana za wananchi zinaistahiki.